Peso Moja Mfukoni mwa Sare

Sarafu ile ilitoka kwenye mashine ya kufulia ingali ya moto. Ilikuwa mwaka 2015, zamu ya usiku, na nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke Mombasa kwenda Dubai kufua mashuka ya hoteli. Sare za wafanyakazi tulitakiwa kuzipekua mifuko kabla hazijaingia majini. Hii moja ilinipita. Nikaikuta sarafu imenasa kwenye mpira wa mlango: peso moja ya Ufilipino, ina kichwa cha mwanamume aliyechana nywele upande, kola ya koti imemkaa vizuri shingoni.

Alfajiri nikamrudishia mwenyewe chumbani. Tulikuwa wanawake wanane kwenye vitanda vya ghorofa: mimi, Waganda wawili na Wafilipino watano. Mwenye sarafu alikuwa mkubwa wetu, mama wa watoto watatu kutoka mkoa wa Laguna. Sote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, na hata sisi tusiokuwa wa kwao tulimwita hivyohivyo, kwa heshima yake. Aliifuta ile peso kwa kiganja, akaitazama, akaniambia, "Huyu ni daktari wetu wa macho."

Nilidhani nimesikia vibaya. Sarafu nilizokua nazo Kenya zilikuwa na sura za marais. Nikamuuliza kama mtu huyu aliwahi kutawala. Hapana. Aliongoza jeshi? Hapana. Sasa alifanya nini? Ate akafikiri kidogo.

"Aliandika," akasema. "Wakamuua."

Miaka mitatu niliyokaa chumba kile nilimsikiliza yeye na wenzake wakimzungumza mtu huyo kama jamaa aliyetoka juzi. Niliporudi nyumbani nikaendelea kumsoma mwenyewe. Naandika haya kwa sababu kila nikitafuta habari zake kwa Kiswahili napata mistari miwili mitatu, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, na mtu wa namna hii hafai kupita kwetu kwa mistari mitatu.

José Rizal alizaliwa tarehe 19 Juni 1861 mjini Calamba, mkoa huohuo wa Ate, katika nyumba ya watoto 11, yeye akiwa wa saba. Familia ililima mashamba iliyokodi kwa watawa wa Kidominika, ambao ndio waliomiliki ardhi ya mji mzima. Walikuwa na uwezo. Walikuwa na vitabu pia, jambo ambalo si dogo kwa wakati ule, na mama yao, Teodora Alonso, ndiye aliyemfundisha José kusoma.

Akiwa na miaka 10 yakatokea mambo mawili ambayo, nionavyo, hayakumtoka tena. La kwanza ni la Februari 1872. Askari na vibarua wa ghala la silaha la Cavite walikuwa wameasi mwezi mmoja kabla, na serikali ya Kihispania ikatumia nafasi hiyo kuwamaliza mapadri watatu waliokuwa wakidai haki ya mapadri wazalendo kupewa parokia: Mariano Gomez, José Burgos na Jacinto Zamora. Waliuawa hadharani Manila kwa kukazwa pete ya chuma shingoni. Paciano, kaka mkubwa wa Rizal, alikuwa akikaa na padri Burgos. Kwa hiyo José alipokwenda kuandikishwa shule ya Wajesuiti mjini Manila mwaka huohuo, Paciano alimshauri asitumie jina la Mercado, ambalo familia ilijulikana nalo na ambalo sasa lilikuwa na doa machoni pa wakubwa. Aandikwe Rizal. Jina tunalolijua leo lilianza kama maficho.

La pili ni la mama. Teodora alisingiziwa kwamba alishiriki kutaka kumpa sumu wifi yake. Akakamatwa, akaamriwa kwenda kwa miguu kutoka Calamba hadi Santa Cruz, makao ya mkoa, kiasi cha kilomita 50 kando ya ziwa, akakaa gerezani miaka miwili na nusu kabla ya kuonekana hana hatia. Ate ni mtu wa upande huo. Alipokuwa akinihadithia aliacha kukunja nguo, akasema njia hiyo hata ukiwa umekaa kwenye gari inachosha.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kwa sababu kwangu mimi habari ya Rizal ni habari ya maneno kuliko kitu kingine chochote.

Visiwa vile vilipewa jina la mfalme. Miaka ya 1540 msafiri wa Kihispania, Ruy López de Villalobos, alikiita kipande cha visiwa hivyo kwa heshima ya mwana wa mfalme, Felipe, na jina likatapakaa kwote. Felipe huyo alikuja kutawala Hispania, na kuanzia mwaka 1580 akatawala Ureno pia. Watu wa Mombasa wenzangu, mwaka 1593 Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus pale Ngomeni, mfalme wao alikuwa nani? Ni huyohuyo. Nilipoligundua hilo nilimpigia Ate simu usiku. Mfalme mmoja, ambaye hakupata kuona Mombasa wala Manila, alituachia sisi ngome na wao akawaachia jina.

Na jina lenyewe hawakuwa wakiitwa wao. Kwa muda mrefu wa ukoloni, "Filipino" alikuwa Mhispania aliyezaliwa visiwani, mtu mweupe ambaye wenzake wa Madrid walimwona wa daraja la pili. Mwenyeji, mwenye nchi, aliitwa "indio". Mchanganyiko wa Kichina alikuwa na jina lake, wa Kihispania jina lake, na kodi ilipangwa kwa majina hayo. Mtu wa Ilocos hakujiona ndugu wa mtu wa Cebu. Kila mmoja alikuwa wa mji wake, lugha yake na parokia yake.

Mwaka 1879, Rizal akiwa na miaka 18, aliingia shindano la mashairi Manila akashinda kwa shairi la Kihispania alilowaandikia vijana wa Kifilipino, akiwaita tumaini zuri la nchi yake. Ukilisoma leo unaona ni shairi la mwanafunzi hodari, basi. Lakini angalia alichokifanya: alilichukua neno la Wahispania wazaliwa wa visiwani akalivisha watu wengine kabisa, na aliposema "nchi yangu" hakuwa na maana ya Hispania. Miaka kumi baadaye, mjini Paris, yeye na wenzake wakafanya vivyohivyo kwa tusi: wakajiita "Indios Bravos", waindio mashujaa. Neno walilotukanwa nalo wakalivaa kifuani.

Aliondoka nyumbani Mei 1882, kwa siri, bila hata kuwaaga wazazi. Paciano ndiye aliyejua na ndiye aliyekuwa akimtumia fedha. Meli ilipita Singapore na Colombo, ikavuka Bahari ya Hindi, na kwa mara ya kwanza akaiona Afrika kwa mbali, ncha ya Guardafui kule Somalia, kabla ya kutia nanga Aden na kuingia Suez. Nampenda hapo kwenye sitaha, kijana wa miaka 20, akiitazama pwani yetu.

Madrid alisomea udaktari, falsafa na fasihi kwa pamoja. Paris na Heidelberg alijifunza matibabu ya macho, kwa kuwa mama yake alikuwa akipoteza uwezo wa kuona na yeye alikuwa ameapa moyoni kumponya. Fedha za nyumbani zilichelewa mara nyingi. Siku moja ya Juni 1884 aliingia mtihani wa shindano la Kigiriki bila kula chochote, akashinda, na jioni ileile, kwenye karamu ya kuwapongeza wachoraji wawili wa Kifilipino waliotuzwa Madrid, akasimama akatoa hotuba ambayo ilifika hadi Manila na kuwaudhi wakubwa. Chumbani kwetu hiki ndicho kisa kilichopendwa kuliko vyote. Hakuna asiyejua maana ya kusimama mbele za watu ukiwa na njaa, ukatabasamu, ukafanya kazi yako vizuri. Tofauti, Ate alisema, ni kwamba Rizal alitumiwa fedha kutoka nyumbani, na sisi tunazipeleka.

Kitabu kilichomkosesha maisha kilichapwa Berlin mwaka 1887: riwaya ya Noli Me Tangere. Ilikuwa nusura asikichape. Rafiki yake Máximo Viola alimkopesha peso 300 zikatoka nakala 2,000. Kinamhusu kijana anayerudi kutoka Ulaya akitaka kujenga shule katika mji wake, na jinsi mapadri wa Kihispania wanavyombomoa yeye na shule yake. Lakini Wafilipino wa chumba chetu hawakumzungumza kijana huyo sana. Walimzungumza Sisa. Sisa ni mama maskini mwenye wana wawili wanaofanya kazi kanisani. Wanasingiziwa wizi. Mmoja anapotea, mwingine anatoroka, na Sisa anapata kichaa akizunguka mjini akiwaita majina. Ate, ambaye mwanawe mdogo alikuwa amemwacha na miezi 11, hakuweza kuisema habari ya Sisa mpaka mwisho. Mara zote tatu alizojaribu alikatisha akaenda kuchemsha maji.

Hapa pana jambo ambalo bado linanishangaza. Kitabu kiliandikwa kwa Kihispania, lugha ambayo wengi mno wa watu wa visiwa hawakuijua. Nakala zilikuwa chache na serikali ilizikamata. Sasa kiliwafikiaje? Sehemu kubwa ya kazi hiyo waliifanya maadui zake. Mapadri walikilaani mimbarini. Jopo la Chuo Kikuu cha Santo Tomas, alikosoma kabla ya kuondoka, lilikiita cha uzushi. Mkulima asiyejua kusoma akatoka kanisani akijua kwamba yuko mtu wa Calamba aliyeandika kitabu ambacho padri anakiogopa. Hilo lilitosha kuanza nalo.

Alirudi mwaka huohuo wa 1887, akawatibu watu macho, mama yake akiwa mmojawapo, akaona kila mahali ananuswa na polisi, akaondoka tena mapema 1888. London alifanya kazi ambayo Wafilipino wenyewe huitaja kidogo kuliko riwaya, nami naithamini sana. Katika maktaba ya British Museum alikipata kitabu cha mwaka 1609 cha Antonio de Morga, ofisa wa Kihispania aliyeeleza visiwa jinsi vilivyokuwa mwanzoni mwa utawala. Akakinakili chote kwa mkono. Kisha akakichapa upya Paris akiwa ameongeza maelezo yake chini ya kurasa, moja baada ya jingine: hapa mwandishi anakiri kwamba tulikuwa tukiunda majahazi makubwa, hapa tulikuwa tukifua chuma na kusuka, hapa tulikuwa na hati zetu za kuandikia. Aliwaambia wenzake kwamba kabla ya kusema wanataka kuwa nini, wajue kwanza walikuwa nani.

Kuna pahali alivutia kamba upande wake. Rafiki yake mkubwa, mwalimu Ferdinand Blumentritt, alimwandikia dibaji na humohumo akamkosoa kwamba anawahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Rizal aliichapa lawama hiyo ndani ya kitabu chake mwenyewe. Mimi niliyesoma shule ya msingi mita chache kutoka Fort Jesus, nikakariri mwaka aliofika Vasco da Gama kabla sijajua jina la sultani mmoja wa Mombasa, naelewa kwa nini aliivuta kamba.

Halafu kuna neno uhuru. Wafilipino wengi wamefundishwa shairi la Kitagalog, lugha ya kwao Rizal, linalosema asiyependa lugha yake ni mbaya kuliko mnyama na samaki avundaye, na wameambiwa Rizal alilitunga akiwa na miaka minane. Ate alilijua lote. Wanahistoria wana shaka kubwa juu yake, na mojawapo ya sababu zao ni nzuri ajabu. Shairi lina neno "kalayaan", uhuru. Lakini mwaka 1886, Rizal mtu mzima, alipokuwa akitafsiri tamthilia ya Schiller ya Wilhelm Tell kwa Kitagalog, alimwandikia Paciano kwamba maneno yanamkwamisha, hasa hilo la uhuru, na kwamba alikuja kulipata katika tafsiri ya Marcelo H. del Pilar, aliyeigeuza makala yake moja ya mwaka 1882 kwa Kitagalog. Yaani shujaa wa uhuru wa Ufilipino alifika miaka 20 na ushee bila kuwa na neno la uhuru kwa lugha ya mama yake, na alipolipata lilikuwa bado bichi.

Nilimweleza Ate hili nikihofia atakasirika, kwa kuwa nilikuwa nikimnyang'anya shairi la utotoni. Alinyamaza. Kisha akasema kwamba basi Rizal ni kama sisi, hakuzaliwa akijua.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana chumbani kwetu palikuwa na ugomvi wa kudumu. Mdogo wa wote alikuwa msichana wa Tondo, mtaa wa mabanda na bandari huko Manila. Yeye shujaa wake alikuwa Andrés Bonifacio, mzaliwa wa Tondo, mtunza ghala asiyesoma sana aliyeanzisha Katipunan, jumuiya ya siri iliyopigana na Hispania. "Rizal hakutaka vita," msichana huyu alikuwa akisema akiwa amekaa kitanda cha juu, miguu inaning'inia. "Bonifacio alitoa jasho. Rizal alitoa wino. Kwa nini wino ndio uko kwenye sarafu ndogo ambayo kila mtu anayo?"

Hoja yake ina nguvu na sitaki kuipunguza. Tarehe 3 Julai 1892, Rizal akiwa amerudi kwa mara ya mwisho, alianzisha Manila umoja wa amani, La Liga Filipina. Siku tatu baadaye akakamatwa, na amri ya kumhamishia Dapitan, kaskazini mwa Mindanao, ilipotangazwa tarehe 7, Bonifacio, ambaye alikuwa mwanachama wa Liga, akaanzisha Katipunan. Dapitan Rizal alikaa miaka minne. Alijenga shule ya wavulana, alitibu watu, alipeleka maji ya mfereji mjini, alipendana na Josephine Bracken aliyekuja na baba yake mlezi kutafuta tiba ya macho. Juni 1896 Katipunan ilimtuma daktari Pio Valenzuela kumtaka shauri, na ili walinzi wasishuku wakamleta na kipofu kama mgonjwa. Rizal akasema silaha hazijatosha, msianze. Wakaanza Agosti. Na Desemba 15, akiwa mahabusu Fort Santiago, ngome ya Wahispania mjini Manila, aliandika tangazo la kuwataka waliopigana warudi majumbani.

Msichana wa Tondo alikuwa akifika hapo ananyoosha mikono: mmeona?

Lakini tangazo hilo halikuchapishwa. Mwanasheria wa jeshi la Kihispania alilisoma akashauri lisitolewe, kwa sababu Rizal alilaani wakati na namna ya vita lakini hakusema popote kwamba kutaka kujitawala ni kosa. Alitaka watu wapate elimu kwanza. Mwenye bunduki alilielewa andiko hilo vizuri kuliko wengi wetu. Wakati huohuo, huko msituni, wapiganaji wa Katipunan walikuwa wakitumia jina "Rizal" kama neno la siri la kutambuana. Alipinga vita iliyokuwa ikipiganwa kwa jina lake, na nionavyo mimi mambo hayo mawili ni ya kweli yote na hayafutani.

Kuna waliosema, mashuhuri akiwa mwanahistoria Renato Constantino mwaka 1969, kwamba Wamarekani ndio waliomtukuza Rizal, kwa kuwa alikuwa mpole, alitaka mageuzi badala ya mapinduzi, na alikufa kabla hajapigana nao. Wamarekani walivinunua visiwa kwa Hispania mwaka 1898 kwa dola milioni 20, na Februari 1899 wakaingia vitani na jamhuri changa ya Wafilipino iliyojitangazia uhuru tarehe 12 Juni 1898. Utawala wao ulimpenda Rizal, ni kweli, na sanamu yake kubwa ya Manila ilizinduliwa chini ya bendera yao mwaka 1913. Mwaka 1902 mbunge mmoja wa Marekani, Henry Cooper, alilisoma shairi lake la mwisho bungeni Washington ili kuthibitisha kwamba taifa lililozaa mtu huyu halikosi ustaarabu. Hilo linanichoma. Mtu auawe ndipo watu wake wahesabiwe kuwa watu?

Hata hivyo, ziangalie tarehe. Emilio Aguinaldo, kiongozi wa ile jamhuri, alitoa amri tarehe 20 Desemba 1898 kwamba Desemba 30 iwe siku ya maombolezo ya taifa kwa ajili ya Rizal. Na Bonifacio mwenyewe, kabla hajauawa Mei 1897 na upande wa Aguinaldo, alikuwa ameligeuza shairi hilohilo la mwisho la Rizal kwa Kitagalog. Wamarekani walimkuta tayari amekwisha kuwa shujaa. Nilipomwambia msichana wa Tondo kwamba tafsiri ya kwanza ya Kitagalog huhesabiwa kuwa ni ya mtu wake, alishuka kitandani.

Yule aliyekuwa kimya wakati wa mabishano haya alikuwa Mfilipino wa tano, Mmaranao kutoka Lanao, Muislamu, ambaye ndiye aliyekuwa akiswali na mimi. Aliniambia siku moja tukitia udhu kwamba kwao Mhispania hakupata kuwatawala hasa, na kwamba "Filipino" ni jina alilolikuta kwenye pasipoti. Sikumjibu. Rizal aliwakusanya watu wengi chini ya jina moja, na hawakuwa wote waliokuwa wameombwa.

Lakini hata yeye alikisoma Noli shuleni. Tangu mwaka 1956 iko sheria, iliyopiganiwa na seneta Claro M. Recto huku maaskofu wa Kikatoliki wakiipinga vikali, inayotaka kila shule na chuo kufundisha maisha ya Rizal na riwaya zake mbili. Ndiyo maana wanawake watano kutoka pembe tofauti, wenye lugha za nyumbani zaidi ya mbili, waliweza kubishana juu ya Sisa saa nane za usiku wakiwa na soksi za kazini miguuni.

Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaita wafanyakazi wa Kifilipino walioko ng'ambo "mashujaa wapya". Ate hakulipenda jina hilo. Alisema shujaa hupumzishwa, na yeye bado ana deni la wakala. Kisha akaongeza kwamba Rizal naye alikuwa kibarua wa ng'ambo, daktari wa macho Hong Kong, na kwamba kilichomuua ni kurudi nyumbani.

Walimhukumu tarehe 26 Desemba 1896, kesi ya siku moja. Asubuhi ya tarehe 30 walimtoa Fort Santiago kwa miguu hadi uwanja wa Bagumbayan, suti nyeusi, kofia ya duara, mikono imefungwa nyuma kwenye viwiko. Daktari wa jeshi alimshika mapigo akayakuta ya kawaida. Alitaka asimame akiwatazama wapigaji. Wakamkatalia, kwa kuwa msaliti hupigwa mgongoni. Waliofyatua walikuwa askari wa Kifilipino, na nyuma yao Wahispania wenye bunduki. Risasi zilipotoka aligeuza mwili kwa nguvu, akaanguka uso ukielekea mbinguni. Ilikuwa saa moja na dakika tatu. Alikuwa na miaka 35. Walimzika bila jeneza makaburi ya Paco, bila kuiambia familia, na dada yake Narcisa akazunguka makaburini hadi akaona udongo mpya wenye walinzi.

Siku moja kabla, familia ilipokuja kumuaga, alikuwa amesema jiko lake dogo la spiriti apewe dada yake Trinidad. Akamwambia kwa upole, kwa Kiingereza ili walinzi wasielewe, kwamba ndani mna kitu. Nyumbani wakalifungua. Lilikuwa na karatasi iliyokunjwa, beti 14 za mistari mitano, mwandiko mdogo, bila kichwa cha habari na bila sahihi.

Ate alirudi Laguna mwaka jana. Tunaandikiana. Nimekuwa nikijaribu kulileta shairi hilo kwa Kiswahili na mstari wa kwanza tu umeninyima usingizi, ule ambapo anaiaga nchi yake aiabuduyo, ardhi ipendwayo na jua. Kihispania anasema "patria". Bonifacio akaweka "bayan", neno ambalo kwao ni mji, ni watu, ni taifa, yote kwa pamoja. Ndilo lililozaa "kabayan", namna Wafilipino wanavyoitana barabarani Dubai hata kama hawajawahi kuonana. Niliandika "nchi", ikawa ya serikali. Niliandika "taifa", ikawa ya wimbo wa gwaride. "Ardhi" ikawa ya hati ya shamba.

Wiki iliyopita Ate aliniuliza kwa ujumbe wa sauti, jogoo wakisikika nyuma yake, nimefikia wapi. Nikamwambia nimeweka neno ambalo sarufi inalikataa lakini hakuna Mswahili asiyelijua maana, lile tunalolitumia tukiulizwa tunakwenda wapi mwisho wa mkataba. Akataka nimtamkie polepole ajifunze.

"Kwaheri, kwetu," nikamwambia.

Akarudia mara mbili, mpaka alipolipata.